Usitaje Jina Langu Mikindani

Korogwe, Jumamosi ya mwisho ya Agosti. Huu ni mwaka wa thelathini na tatu tangu niondoke Mtwara, na sijawahi kuutaja mbele yako kwa hesabu yake.

Mwanangu Somoe,

Habari za chandarua, za maji ya kuchemsha na za kutoazima watu sufuria amekwisha kukueleza mama yako, tena zaidi ya mara moja, kwa hiyo hayo nayaacha. Wewe uko kwa mama zako wadogo kuaga. Basi lako ni la alfajiri, nami sina hakika kama nitaweza kukutazama usoni nikasema haya ninayoyaandika. Tukikaa wawili huwa tunaishia kuzungumza habari za mvua. Barua hii nitaiweka ndani ya begi, juu ya nguo, uikute ukiwa njiani na mimi siko karibu.

Unakwenda kufanya kazi bandarini Mtwara, ofisi ya wakala wa forodha, mahali ambapo mimi nilibeba magunia ya korosho mgongoni kabla hujazaliwa. Watu wananipongeza. Jirani yetu kasema damu imekumbuka kwao. Nikamwitikia vizuri, maana ni mtu mwema. Lakini wewe na mimi tunajua kilichokutoa pale shuleni ulipokuwa unafundisha, na kwa nini hapa Korogwe hakuna tena anayekuita kazini. Vile vichupa nilivyovikuta ndani ya pipa la unga, mama yako aliniambia ni vya dawa ya kifua. Sikumbishia. Nilimtazama akivifunga kwenye kitambaa, nikaona ana haraka kuliko wewe mwenyewe.

Mwezi uliopita nilikuuliza, nawe ukanijibu kwa upole, "Baba, mimi nakunywa, lakini sijawa mlevi." Hukujua kwamba jibu hilo nalifahamu tangu ujana wangu, na kwamba kule unakokwenda lina makao yake rasmi. Utafika mabibo yanaanza kuiva. Bibo ni lile tunda linaloning'iniza korosho chini yake. Hukamuliwa, na maji yake yakilazwa huwa uraka. Uraka ukipikwa na kukingwa mvuke wake huwa nipa, ambayo mtu akiinywa mara ya kwanza hudhani ameonja mafuta ya taa. Kwetu Mahurunga, karibu na mto Ruvuma, uraka hauitwi pombe. Wazee wa safu ya mbele msikitini wanaunywa msimu mzima, na ukiwauliza watakwambia ni maji ya mabibo, ni tunda, Mungu kaliumba. Pombe ni nipa. Na anayekunywa nipa naye atakwambia pombe ni bia, kwa sababu inauzwa baa. Unaweza kuishi kijijini pale maisha yako yote usikutane na mlevi hata mmoja, na asubuhi ukawa unawaruka wamelala njiani.

Ndiyo maana tangu ulipopata barua ya kazi nimekuwa nikikutafutia kikao cha watu wanaosaidiana kuacha pombe. Najua neno hilo limekuchosha. Tanga mjini kipo, ulikataa. Ulisema huwezi kukaa na watu wasiokujua ukawaeleza aibu zako. Sikukushinda kwa hoja, kwa sababu hoja yako ni nzuri. Mimi nina ushahidi mmoja tu, kwamba niliwahi kukaa katika kikao cha namna hiyo, na muda ule ndio pekee katika ujana wangu ambao nikiukumbuka sifumbi macho.

Mtwara nilipiga simu nyingi. Muuguzi mmoja, sauti yake ya kijana, aliniambia wagonjwa wa pombe wanawapokea, dawa zipo, wa kuongea nao yupo, ila mtu akishatoka pale anarudi nyumbani kwake na huko yuko peke yake. Akanipa namba ya kikundi alichowahi kukisikia. Namba haipatikani. Nikampata katekista mmoja, mtu mcheshi, akaniambia kilikuwepo kikao kwenye ukumbi wa parokia, lakini wengi waliokihitaji walikuwa Waislamu. "Mzee," akasema, "Mwislamu akionekana anaingia parokia mchana kweupe, atakwenda kujibu kesi mbili badala ya moja." Kikafa. Mwisho nikapewa namba ya dereva wa bodaboda ambaye zamani alikuwa haendeshi kitu, pombe ndiyo ilikuwa inamwendesha yeye. Huyo akasema kipo kimoja, Mikindani, Jumapili baada ya adhuhuri, kwenye ghala la zamani nyuma ya duka la vitambaa. Nikamwambia ghala hilo nalijua. Akacheka. Akasema kama nalijua basi mimi ni mwenzao. Kisha akanitajia jina la mzee anayekiongoza, nami nikakata simu bila kuaga.

Lazima nikueleze kwa nini niliikata, ili ukikuta mambo ya ajabu pale mlangoni usidhani ni yako.

Ghala lile lilikuwa la Gulamu, Mhindi wa Mikindani, Mwislamu kama sisi, ambaye babu yake na baba yake waliuza vitambaa na sabuni katika duka lile lile. Gulamu alikunywa mpaka mkewe akarudi kwao Dar es Salaam. Wazee wake wakampeleka huko huko akatibiwe, akakutana na watu wa vikao, na aliporudi akaona hawezi kubaki mzima akiwa mwenyewe. Akaanza kutuokota. Mimi alinikuta nimelala karibu na lango la bandari, akachuchumaa pembeni akasubiri nizinduke. Hakunitajia moto wala pepo. Aliniuliza kama nimechoka. Nikasema nimechoka. Akasema, basi njoo Jumapili, utakaa tu.

Tulikuwa wanaume wachache, tukikalia magunia matupu, mlango umerudishwa nusu ili joto litoke. Gulamu alianza yeye, kwa Kiswahili chake cha dukani, akataja jina lake na kusema pombe ilimshinda. Aliyefuata alikuwa fundi baiskeli, Hassani Chitanda, wa kijiji jirani na Mahurunga. Akasimama, akajifuta mikono kwenye suruali, akasema, "Mimi Chitanda. Pombe haikunishinda, tulitoka sare." Tukacheka mpaka magunia yakatoa vumbi. Gulamu akamwambia akae, mechi ya marudiano ni Jumapili ijayo.

Chitanda alikuwa mtani wangu. Hili ulielewe vizuri, maana umekulia huku, na huku umeona utani wa kutupiana maneno sokoni. Kule kwetu utani ni kazi. Ukoo wa Chitanda na ukoo wetu ni watani tangu zamani ambayo hakuna mtu anayeikumbuka. Mtu wetu akifa, wao ndio wanaokuja kutuchekesha. Wanavaa nguo za marehemu, wanamwigiza sauti, wanalala ndani ya kaburi na kukataa kutoka, wanaanika aibu za ukoo mbele ya watu wote, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Akikasirika, aliyekosa adabu ni yeye. Na wao wakifiwa, zamu yetu inafika.

Gulamu alikuwa na sharti moja. Linalosemwa ghalani linabaki ghalani. Alituuliza kama kuna wawili miongoni mwetu wenye ugomvi, tukajibu hakuna, na ilikuwa kweli. Hakuuliza kama kuna watani. Hakuwa wa kwetu, asingejua kuuliza. Sisi nasi hatukumwambia, kwa kuwa kwetu mtani si mtu wa kutahadhari naye. Mtani yu karibu kuliko ndugu wa tumbo moja. Nimelifikiria jambo hili miaka yote hii na bado sioni ni nani kati yetu angeweza kuliona mapema.

Siku yangu ya kusema ilipofika, nilisema habari ya bibi yako, yule ambaye wewe una jina lake. Msimu mmoja wa korosho alitoka Mahurunga kwa miguu na kwa kuomba lifti, akaja mpaka lango la bandari na kikapu cha makopa, ile mihogo mikavu, na kuku mmoja amemfunga miguu. Mimi nilikuwa na wenzangu, nimelewa, nanuka. Akaniita kwa jina la utotoni. Mwenzangu akaniuliza kama yule ni mama yangu. Nikasema, "Simjui. Hawa wauza makopa kila mtu kwao ni mwanangu." Mama yangu alisikia. Aliweka kikapu chini, akasema, "Samahani baba, nimekufananisha." Akaondoka. Kuku alibaki kwenye kikapu. Tulimla jioni ile.

Sikuwahi kumwambia mtu yeyote habari hiyo. Nilipomaliza kuisema, hakuna aliyeniambia lolote, na kule kutoambiwa lolote ndiko kulikoniponya kidogo.

Jumapili nyingine akasema Chitanda. Siku hiyo hakutania. Alikuwa akificha nipa kwenye kikombe chini ya kitanda, ili mkewe Zainabu asione chupa. Zainabu alikuwa shambani. Mtoto wao wa kiume, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea, akakikuta kikombe akanywa. Mchana akaanza kukakamaa na kutetemeka, na kabla ya alasiri alikuwa amefariki. Chitanda akamwambia mkewe ni degedege. Watu wote wakaamini, maana degedege inaua watoto kila mwaka. Akatuambia kwamba Zainabu bado anamlilia mtoto usiku na yeye anamshika bega akimfariji. Gulamu akamwekea mkono mgongoni, tukatoka nje mmoja mmoja.

Nilikaa bila kunywa tangu masika mpaka mabibo yakaiva. Gulamu alikuwa na kabati la vitabu vya marehemu baba yake, akawa ananiazima. Kusoma kwangu kote unakokuona wewe kulianzia kwenye lile ghala, nimeegemea magunia, nikisubiri wengine wafike. Nilikuwa nimepanga kwenda Mahurunga kumwomba mama radhi, lakini nilitaka nifike nikiwa nimenenepa kidogo, nimenunua na shati. Nikaahirisha. Akafa.

Mazishini watani walikuja wengi, maana mama yangu alikuwa mtu wa watu. Chitanda aliwaongoza. Alijifunga kanga ya marehemu, akabeba kikapu kichwani, akaja anachechemea kama alivyokuwa akichechemea yeye, na watu wakaanza kucheka huku machozi yanawatoka. Akalizibia jeneza njia. Akasema halitoki mpaka amwone mwanawe wa mjini, yule mkubwa wa bandari. Akawa anapita kwa waombolezaji mmoja mmoja, anainua nyuso zao, anauliza, wewe ndiye mwanangu? Alipofika kwangu akasimama. Akabadilisha sauti, akawa mimi. Akasema kwa sauti ya kilevi, "Simjui. Hawa wauza makopa kila mtu kwao ni mwanangu."

Watu walicheka, Somoe. Walicheka kwa nguvu, kwa sababu hawakujua. Walidhani ameitunga. Dada yangu Hadija peke yake hakucheka. Alinitazama, akaona uso wangu, akajua si ya kutungwa.

Ninataka kuwa mkweli kwa Chitanda. Hakuwa na nia mbaya. Kwake yeye sharti la ghalani lilikuwa sharti la dunia ya kawaida, na matanga ya mtani hayamo katika dunia ya kawaida. Alikuwa akifanya kazi yake, tena nadhani kwa akili yake alikuwa ananisaidia, ananitolea mzigo ule mbele ya mama yangu kabla hajafukiwa. Ningecheka, ningempa shilingi ya kufungua njia, na mambo yangekwisha.

Nilimjibu. Mfiwa akiwa na moyo anaruhusiwa kumjibu mtani, na watu walinyamaza wasikie. Nikasema, "Na wewe je, degedege ya mwanao mbona ilinuka nipa?"

Nilisema kwa sauti ya utani. Wachache walianza kucheka, kisha wakaacha. Mtoto aliyekufa hataniwi. Hilo hata mtoto mdogo wa kwetu analijua. Zainabu alikuwa upande wa wanawake, amekaa mkekani. Alimtazama mumewe, ambaye bado alikuwa amevaa kanga ya mama yangu na kikapu kichwani, na Chitanda hakuweza kusema mtani kasema uongo. Angesema neno moja tu ingetosha. Hakulisema. Zainabu akasimama, akajikung'uta nguo, akaondoka kwa njia ya mashambani.

Tukaenda kuzika.

Jioni yake wajomba zangu waliniletea uraka kwenye kata. Wakasema ni maji ya mabibo tu, mfiwa apooze koo. Nikanywa. Sikungojea arobaini. Niliondoka baada ya hitima, nikapita Mikindani kuchukua vitu vyangu, nikamkuta Gulamu amekaa ghalani mlango wazi. Ilikuwa Jumapili. Hakuna aliyekuja. Habari zilikuwa zimekwisha kufika, na kila mmoja alikuwa amerudi nyumbani kuhesabu watani wake. Gulamu akaniambia, "Niliuliza kama mna ugomvi. Hamkusema mna utani." Nilimrudishia kitabu chake, nikapanda lori la korosho mpaka Dar es Salaam, kisha huku kwenye mkonge, ambako hakuna aliyenijua wala aliyekuwa mtani wangu.

Huku nilikunywa. Nilimwoa mama yako nikiwa nakunywa, ulizaliwa nikiwa nakunywa, na jina la bibi yako nilikupa siku ambayo sikuweza kusimama wima kukuadhinia. Babu yako mzaa mama ndiye aliyekuadhinia. Nimeacha kwa sababu ini liligoma. Mama yako hupenda kuwaambia watu kwamba nilitubu. Mwachie.

Sasa nirudi kwenye simu. Juzi nilipiga, na safari hii nilipiga kwa Chitanda mwenyewe, maana ndiye anayekiongoza kikao. Gulamu alikufa akamwachia ufunguo. Akapokea, akauliza ni nani mwenzake. Nikajitaja. Kisha akasema, "Nilidhani ulishakufa. Tukakosa maiti ya kuicheka."

Nikaanza kumwomba radhi. Akanikatiza, akasema hilo niliache, sikupiga kwa hilo. Ilikuwa kweli, sikupiga kwa hilo. Nikamwambia nina binti, anakuja Mtwara, na hali yake ni kama tuliyokuwa nayo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Habari za Zainabu sikumuuliza.

Akaniambia siku hizi wana sharti la pili. Mtu mpya akifika, kabla hajakaa, anaulizwa ukoo wake, kisha wanaulizwa waliomo: kuna mtani wake humu? Akiwepo, mmoja wao anatoka na harudi tena. Sharti hilo aliliweka yeye, na amewatoa watu wazuri kwa ajili yake. Wengine walikwenda wakafa. Hajalivunja.

"Binti yako akija kama binti yako, mimi ndiye ninayetoka," akasema. "Na nikitoka mimi, hakuna wa kufungua mlango."

Nikamwambia nimeelewa. Nikataka kuaga. Akauliza unaitwa nani.

"Somoe."

"Jina la marehemu."

"Ndiyo."

Akasema, "Asije nalo. Aje na jina jingine, aseme kwao ni Korogwe, basi. Nami sitamuuliza zaidi, nitajifanya mzee aliyesahau. Lakini wewe usije. Siku utakayoonekana Mtwara watu watakujua, na wakikujua wewe watamjua yeye, na mimi sitaweza kusahau tena."

Nikamuuliza kama kuna wanawake katika kikao. Akasema alikuwepo mmoja. Kaka zake walimfuata mlangoni.

Hayo ndiyo niliyokupatia. Nimetafuta mwezi mzima nikapata mlango mmoja, na ili uingie inabidi uanze kwa uongo, mahali pekee ambapo mtu anakwenda ili aache kudanganya. Una jina la upande wa mama yako, Mwanaidi, ambalo bibi yako wa hapa anakuita akikubembeleza. Tumia hilo. Ofisini uwe Somoe Salumu kama vyeti vyako vinavyosema. Akina Salumu wako wengi. Ukiwa ghalani huna baba. Mahurunga usiende. Najua ungependa kuliona kaburi la bibi yako, hata mimi ningependa uliwekee japo jiwe, lakini ukisimama pale atatokea mtu wa kuuliza huyu ni mtoto wa nani, na kijiji kizima kitakuwa na jibu. Shangazi yako Hadija nimemwambia umepata kazi Dodoma.

Mwanangu, sidhani kama utakwenda. Nakuandikia ukweli kwa sababu nimechoka kuandika matumaini nisiyokuwa nayo. Jumapili ya kwanza utakuwa umechoka na safari. Ya pili mwenye nyumba wako, mtu mkarimu kabisa, atakuletea uraka kwenye jagi, akuoneshe ukarimu wa kusini, nawe utaona aibu kukataa maji ya tunda. Baada ya hapo meli za korosho zitaanza kuja, na kazi ya forodha haina Jumapili. Sikukatazi chochote. Mama yangu hakuwahi kunikataza, na wajomba zangu walinikataza pombe kila siku, na vyote viwili vilinifikisha mahali pamoja.

Lakini ikitokea ukaenda, hata kama ni kwa kupita tu, kaa karibu na mlango ambako kuna upepo. Si lazima useme. Utasikia mambo ya watu humo. Mengine yatakuchekesha, na mengine utatamani usingeyasikia. Mimi nilipewa la mtu nikalishika vizuri mpaka mabibo kuiva, na kulitumia kulinichukua muda wa kuvuta pumzi moja. Sijui la kukushauri juu ya hilo. Nimelitafuta katika vitabu vingi vya watu wazima, watu wenye elimu, na sikuona aliyejua.

Chitanda atakuwa pale. Ni mrefu, au alikuwa mrefu. Akikutania, usicheke sana.

Idi zote Hadija hunipigia, huniuliza kaka, unarudi lini, watoto wamekua hawakujui. Mimi humwambia mwakani, akipenda Mungu. Ameshazoea, hata sauti yake siku hizi inauliza kwa mazoea tu. Nilikuwa nikisema mwakani kwa woga, nikijua mwenyewe kwamba siku moja woga ungeweza kuisha nikapanda basi. Tangu juzi sababu ni nyingine. Mlango ule utakuwa wazi kwako kwa muda ambao mimi nitakuwa mbali, iwe unauingia au unaupita. Idi ijayo Hadija akipiga nitamjibu vingine, na wewe nakujibu leo, kwa kuwa najua ungeniuliza kituoni kama nitakuja kukutembelea. Mtwara mimi sitarudi.